Anti, mama hataki niguswe na chuma

Anti shikamoo, na pole na majukumu. Mi ni kijana wa miaka 36, kwetu Machame ila saivi naishi hapa Moshi mjini, Pasua, na mke na watoto wawili. Kazi yangu ni mlima Kilimanjaro, nilianza kubeba mizigo 2011 nikapanda taratibu mpaka sasa ni mwongozaji msaidizi, kwa hiyo ukiniona nalalamika maumivu ujue yamenifika kweli, mi sio mtu wa kulia lia.

Shida yangu ni kichwa. Sio kichwa chote, ni hapa juu ya jicho la kulia pale nyusi inapoanzia karibu na pua. Ilianza kama miaka mitatu hivi, inauma inaacha, nikawa najua ni mafua. Sasa kitu cha ajabu ni kwamba tukipanda sisumbuki sana, shida ni kushuka. Tukishatoka kileleni, tukafika kambi ya Barafu tukapumzika, alafu tunaanza ile safari ya kuteremka kwenda Mweka, hapo ndo naanza kusikia kama kuna mtu anagongelea msumari kwenye nyusi, jicho linatoa machozi, mgeni ananiuliza are you okey namwambia vumbi. Mwezi wa nane mwaka jana nilikaa chini kwenye jiwe nikashika kichwa mpaka wapagazi wakaanza kunicheka wakasema mangi umezeeka.

Nimekula Panadol, nimekula Hedex, antibayotiki sijui dozi ngapi, kila nikienda kituo fulani cha afya naambiwa ni sainasi napewa dozi nyingine wiki moja natulia alafu inarudi. Nyungu nimepiga mpaka mke wangu akasema nyumba inanuka mwarobaini kama zizi. Kuna duka moja la dawa za asili huko Arusha niliuziwa matone ya kuweka puani, jamaa akaniapia yanayeyusha kila kitu kilichoota ndani, nikatoa laki na themanini, nilichopata ni pua kuwaka moto siku nne.

Basi mwisho mke akanivuta hospitali kubwa, nikapimwa siti skani ya sainasi, yaani vile vyumba vya hewa kwenye mifupa ya uso. Majibu yakaja nina osteoma, yaani mfupa umeota ndani ya sainasi ya paji la uso upande wa kulia, milimita 18, umekaa kwenye mlango wa hiyo sainasi na nyuma yake kuna ute umejaa. Daktari akasema sio kansa ila kwa mahali ulipokaa anashauri utolewe, na utatolewa kupitia puani kwa kamera, hawapasui uso. Mi nikashangaa, mfupa utatokaje puani? Akacheka akasema ndo kazi yetu hiyo.

Sasa nimerudi nyumbani ndo vita. Mama yangu amekuja kutoka Machame na basi la kwanza asubuhi, amesema uvimbe ukiguswa na chuma unaamka, na kwamba puani kule juu ni ubongo, wakiingiza hivyo vyuma nitatoka zezeta. Baba mdogo naye akaleta mfano wa jirani yetu aliyepasuliwa uvimbe wa titi akafariki miezi mitatu baadaye. Mke wangu anasema nikapasuliwe, mama anasema huyo mwanamke anataka kubaki na nyumba. Yaani Anti wameacha kusalimiana. Baba angekuwepo angeamua ila alishafariki kitambo kwa tumbo nikiwa darasa la tano.

Maswali yangu ni haya, je naweza kuuacha tu kama ulivyo mana daktari mwenyewe kasema sio kansa? Je ni kweli ukiguswa unageuka? Wanautoaje puani kitu kigumu hivyo? Na mlima nitarudi lini mana msimu ndo unaanza na nina ada za shule. Nisahau kusema, 2021 nilianguka na boda pale Mbuyuni nikapigwa siti skani ya kichwa wakasema ubongo uko salama, hawakusema habari za uvimbe wowote, sasa huu umetoka wapi?

Ni mimi mwana wa mlima, Moshi.

*

Marahaba mwanangu, pole sana na hicho kichwa, na pole zaidi na hiyo laki na themanini. Hebu tuanze na hayo matone tuyamalize. Hakuna tone la kuyeyusha mfupa likaacha pua. Dawa yenye nguvu ya kula mfupa ingeanza na ngozi ya pua, ikaja gegedu, mpaka ifike kwenye huo uvimbe we ungekuwa huna pa kuvalia miwani. Kwa hiyo hata kama chupa imebaki nusu, mwaga.

Kwa wasionijua, mi nimestaafu unesi, na miaka mingi nilikaa tiata ya masikio, pua na koo nikiwakabidhi madaktari hivyo vyuma anavyoviogopa mama yako. Sio daktari, picha yako sijaiona, kwa hiyo nakwambia ninachokijua, yule aliyekupima ndo mwenye neno la mwisho.

Osteoma ni mfupa juu ya mfupa. Sio nyama, sio usaha, sio kansa, na haigeuki kuwa kansa, uguswe usiguswe. Kuna ile ngumu kabisa ambayo wakubwa wanaifananisha na pembe ya ndovu, na kuna laini kidogo yenye vitundu kama mfupa wa supu ukiupasua. Na haina uchache unaoudhani, ukipiga watu 100 siti skani za sainasi unaweza kukuta kama watatu wanayo na hawana habari, wanakula wanalala. Sehemu inayopenda kuota zaidi ni hapo hapo kwako, sainasi ya paji la uso. Chanzo chake hakijulikani vizuri, kuna wanaosema ni kasoro ya toka mifupa inajiunga tumboni mwa mama, wengine wanasema ni kuumia au mafua sugu, mi nimesikia mabishano hayo mpaka nimechoka.

Sasa hapo kwenye "sio kansa kwa hiyo niache" ndo watu wengi wanakosea njia, na mama yako amekosea kwa upande wa pili. Nyote mnabishana kuhusu neno uvimbe. Swali la maana ni umekaa wapi na umeziba nini. Mwenye osteoma ya milimita 18 iliyojibanza pembeni kwenye kona ya sainasi anaweza kuishi nayo mpaka azeeke, anaambiwa arudi baada ya mwaka au miwili apigwe picha nyingine, basi. Mwenye ya milimita 8 iliyokaa mlangoni anateseka. Wewe yako imekaa mlangoni.

Ngoja nikueleze kwa kitu unachokijua. Ile chupa ya plastiki ya maji, ukiimaliza kule juu kileleni ukafunga kifuniko vizuri ukaitia kwenye begi, ukifika Mweka inakuwaje? Imebonyea, imejikunja kama imekaliwa, si ndiyo? Kule juu hewa ina mgandamizo kama nusu ya ule wa pwani, ukishuka mgandamizo unaongezeka, hewa ya nje inataka kuingia, kifuniko kimefungwa, chupa inaminywa. Sainasi ya paji la uso ni chumba cha hewa chenye mlango mmoja mwembamba unaoshukia puani. Mtu mzima wa afya akiteremka hewa inaingia zake kimya kimya hata hajui. Wewe mlango una kizuizi, na chumba hakiwezi kubonyea kama chupa mana ni mfupa, kwa hiyo kinachovutwa ni ile ngozi laini ya ndani, inavimba, inaweza hata kuvuja damu kidogo. Huo ndo msumari wako. Na ndo mana kupanda hakukusumbui sana, hewa ikitanuka inajisukumia kutoka kwa nguvu, kuingia ndo kazi.

Nimefurahi ulivyoandika hiyo habari ya kushuka, na naomba umwambie daktari kwa maneno hayo hayo kama hukumwambia. Mana kuna jambo ambalo madaktari wakweli huwa wanalisema na wengine wanalipitia juu juu, kwamba sio kila mwenye osteoma na kichwa kinamuuma basi kinauma kwa sababu ya osteoma. Vichwa vina sababu mia, presha, macho, kipandauso, mawazo ya ada. Nimeona watu wametolewa osteoma vizuri kabisa wakarudi kliniki na kichwa kile kile. Kwako wewe maumivu ni ya upande mmoja, sehemu moja, juu ya uvimbe wenyewe, yanakuja mlima ukishuka, na picha inaonyesha ute umekwama nyuma. Hayo yanaelekeana. Ila muulize daktari wazi, "maumivu haya una uhakika kiasi gani yatakwisha?" Usiogope kumuuliza.

Kuhusu huo ute ndo siupendi. Ute uliofungiwa unaweza kukaa ukajijenga kuwa kifuko kinachosukuma, na kikisukuma muda mrefu kinalainisha mfupa, kinaweza kusogeza jicho mbele au kwenda nyuma upande wa ubongo. Huwa inachukua muda, sikutishi ulale macho. Ila siku yoyote kope ikivimba, ukaanza kuona vitu viwili viwili, ukapata homa na kichwa kikali na shingo kukaza, au tundu moja la pua likaanza kudondosha maji maangavu kama ya bomba, usisubiri kliniki ya Jumatano, nenda siku hiyo hiyo hata usiku.

Haya, mama na chuma. Mi hilo neno "uvimbe ukiguswa unaamka" nimelisikia toka niko binti, na simcheki mtu. Lilitoka kwenye kitu ambacho watu walikiona kweli kwa macho yao. Mama fulani ana kansa ya titi, anakaa nayo nyumbani mwaka, miwili, anapaka dawa, anaombewa, siku anafika hospitali imeshasambaa mpaka kwenye mapafu, anapasuliwa, miezi mitatu anazikwa. Kijiji kinakumbuka kisu, hakikumbuki ile miaka miwili. Jirani yenu Mungu amrehemu, siijui habari yake, lakini ugonjwa wake na wako ni kama mbuzi na jiwe. Kansa inasafiri. Mfupa ulioota haujui kusafiri, ulipoota ndo hapo hapo.

Umesema uvimbe umetoka wapi wakati 2021 walisema ubongo uko salama. Mwanangu, walikuwa wanatafuta damu kwenye ubongo, umeanguka na boda, hakuna aliyekuwa na shida na sainasi zako. Kuna uwezekano mkubwa ulikuwepo hapo hapo kwenye picha ukiwatazama. Hii mifupa inakua polepole sana, waliofuatilia wagonjwa waliona wastani wa milimita moja na nusu hivi kwa mwaka, wengine hata nusu milimita haifiki, wachache ndo wanaenda mbio. Kwa hiyo ile CD ya picha za 2021 ni mali, sio uchafu wa kabatini. Daktari akiziweka picha mbili pamoja ataona ulikuwa na ukubwa gani na sasa una gani, na hiyo inasaidia kuamua haraka ya kukupasua. Vipimo havitalingana sawasawa mana picha ya ubongo inakatwa vipande vinene kuliko ya sainasi, ila mwelekeo utaonekana. Peleka CD yenyewe sio karatasi ya majibu tu, karatasi inasema alichokiona mtu mmoja siku moja akiwa na foleni nje.

Sasa unatokaje puani? Hapa naomba nikae kidogo mana ndo sehemu niliyokuwa naipenda kazini.

Unapewa nusukaputi, husikii kitu. Puani wanaweka gozi zenye dawa ya kubana mishipa, wanasubiri, mana adui mkubwa wa kamera ni damu, tone moja kwenye kioo na daktari haoni. Kamera yenyewe ni fimbo nyembamba ya chuma, milimita 4 tu, na zipo za kutazama mbele moja kwa moja na nyingine zimekatwa mshazari kwa digrii 30, 45, mpaka 70, hizo ndo zinatazama juu kwenye kona kama mtu anayechungulia darini. Picha inatokea kwenye televisheni, tiata nzima tunaona. Anaanza kufungua vyumba vidogo vidogo vya katikati ya macho, anapanda taratibu mpaka kwenye sakafu ya sainasi ya paji la uso, huko ndo anakutana na huo mfupa wako, mweupe unang'aa.

Alafu hautolewi mzima, hapo ndo ulipokwama kuwaza. Wewe Mmachame umeshaona mzee anatengeneza kibuyu, si ndiyo? Anakomba ndani kwanza, anakomba mpaka linabaki gamba. Ndo hivyo hivyo. Kuna drili ndogo ndefu ya kupinda, kichwa chake kina vumbi la almasi, inazunguka huku maji yanamwagika kuipoza mfupa usiungue. Anachimba katikati ya uvimbe mpaka unakuwa gamba jembamba, alafu gamba analivunja kwa ndani linajikunja, analibandua ukutani kidogo kidogo, vipande vinatoka puani kimoja kimoja. Mi nilikuwa napokea kwenye kibakuli cha chuma, vinalia ti, ti, ti. Hakuna sauti nzuri kama hiyo tiata. Vipande vinapelekwa maabara vithibitishwe ni osteoma kweli, na majibu hayo uyadai uonyeshwe, usiondoke bila kuyajua, hata kwa ajili ya mama tu.

Mlango ukiwa mwembamba sana wanaweza kuutanua, na wakati mwingine wanaunganisha sainasi ya kulia na ya kushoto zitumie mlango mmoja mkubwa. Ukisikia wanataja Draf ni jina la daktari Mjerumani, Wolfgang Draf, ndiye aliyezipanga hizo hatua za kufungua sainasi ya mbele.

Zamani sisi tulikuwa tunachana ngozi ya kichwa kutoka sikio mpaka sikio juu kwenye nywele, tunaiteremsha mpaka machoni, mfupa wa paji la uso unakatwa kama kifuniko cha sufuria. Inafanya kazi vizuri tu ila kovu, ganzi ya paji la uso, damu, na siku nyingi wodini. Na bado inafanyika kwa osteoma zilizokwenda mbali pembeni juu ya jicho ambako drili ya puani haifiki, au zilizoshika ukuta wa mbele. Kwa hiyo daktari akikwambia ataanza na kamera na kama haitoshi atafungua kidogo kwa nje, usimkimbie ukadhani amekudanganya. Bora anayekwambia kabla.

Hatari zipo na nitakutajia. Ukuta kati ya pua na jicho ni mwembamba kama karatasi, hata jina lake la kitabibu linatokana na karatasi, ukiguswa vibaya jicho linapata shida. Juu kuna ukuta wa ubongo, ukitoboka maji ya ubongo yanavuja, na mara nyingi wakiliona wanaliziba hapo hapo kwa kipande cha ngozi ya ndani ya pua. Mama yako kwa hiyo hajakosea kusema kule juu kuna ubongo, upo kweli. Ndo mana wanapiga siti skani kwanza na kuisoma mstari kwa mstari, ndo mana hufanyiwi na mtu anayejifunzia kwako peke yake. Kuna kupoteza harufu, na kuna mlango kujifunga tena baadaye kwa kovu, hili la mwisho ndo linalotokea kwa wanaokacha kliniki.

Muulize ameshafanya za paji la uso ngapi kwa kamera, na kama hospitali inayo hiyo drili ya kupinda na kamera za mshazari. Ni swali la heshima kabisa, mtaalamu hakasiriki. Kama we bado hujaingia mfumo wa rufaa, anzia hospitali ya Mawenzi upate karatasi, KCMC ndo hospitali ya kanda toka 1971 na wana idara ya masikio, pua na koo, na kama hapo wataona kwako panahitaji kitu ambacho hawana watakuandikia Muhimbili. Mambo ya bima yamalize dawatini kabla ya tarehe ya kulazwa, nimeona watu wamefunga kula toka usiku alafu saa nne asubuhi wanaambiwa kibali hakijatoka.

Mlima. Hapa najua hutafurahi. Wiki mbili za kwanza hupengi kamasi hata kidogo, chafya unatoa mdomo wazi, huinami, hunyanyui ndoo, achilia mbali mzigo wa kilo 20. Unasafisha pua kwa maji ya chumvi mara kadhaa kwa siku kama utakavyoelekezwa, nusu lita ya maji na kijiko cha chai kimoja cha chumvi, na maji yawe yamechemshwa yakapoa, sio ya bomba, sio ya mto eti wa mlimani ni safi. Nyungu weka pembeni, mvuke wa moto kwenye kidonda kibichi unaita damu. Ugoro na sigara usiniambie. Unarudi kliniki wanakutoa magamba ndani ya pua, haifurahishi ila hiyo ndo inauzuia mlango usijifunge. Watu wa ofisini wengi wanarudi kazini baada ya wiki moja mbili, wewe ofisi yako ina mita 5,895, kwa hiyo subiri daktari achungulie kwa kamera akuambie mlango uko wazi, na hiyo hesabu kwa miezi sio wiki. Ongea na kampuni yako mapema wakupe kazi za chini, kupokea wageni, kupanga vifaa. Kama maumivu yanavumilika na daktari ameridhika hakuna dalili ya hatari, muulize pia kama inaweza kusubiri msimu uishe, ni swali halali, mfupa huu haukimbii. Ila kwa huo ute mi nisingependa uendelee kuteremka Mweka nao kila wiki.

Sasa kuna kitu kimoja umekiandika kwa nusu sentensi ukapita, na mi nimerudi kukisoma mara tatu. Baba yako alifariki kwa tumbo akiwa, sijui, alikuwa na miaka mingapi? We ulikuwa darasa la tano, kwa hiyo hakuwa mzee. Tumbo gani? Nauliza kwa sababu kuna ugonjwa wa nadra wa kurithi, unaitwa sindromu ya Gardner, ambapo mtu anaota osteoma kwenye taya na fuvu, mara nyingi zaidi ya moja, anakuwa na vinundu chini ya ngozi, wakati mwingine meno ya ziada, na kwenye utumbo mkubwa anaota vinyama vingi ambavyo hivyo ndo vinageuka kansa akiwa bado kijana. Wengi mno wenye osteoma moja kama yako hawana kitu hicho, na tumbo huku kwetu linaweza kuwa vidonda, ini, chochote. Lakini daktari lazima aambiwe, na kama una vinundu mwilini au umewahi kuona damu chooni umwambie pia, yeye ndo ataamua kama utumbo nao uchunguliwe.

Na wewe hujui baba aliumwa nini, ulikuwa mtoto. Anayejua ni mama. Ndiye aliyemuuguza, ndiye aliyeshika makaratasi, huenda hata bado anayo kwenye sanduku huko Machame. Kwa hiyo acha kubishana naye kuhusu chuma. Mpelekee hata jani la isale, lile letu Wachagga la kuombea msamaha, kama mlishatupiana maneno, mwambie mama nakuhitaji kliniki, daktari ana maswali ya baba ambayo mimi na mke wangu hatuwezi kujibu. Mkeo naye aje. Wakae wote wawili mbele ya ile meza, daktari afungue picha, mama aonyeshwe ubongo uko wapi na mfupa uko wapi, aulize mwenyewe kwa mdomo wake kama ukiguswa unaamka.

CD ya 2021 itafute leo jioni, na ukiipata ifunge kwenye kitambaa, zikichubuka hazifunguki.

Anti